Koti la Mvua Lililoanza Kulowa

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwendesha bodaboda wa Likoni. Nilinunua koti la mvua la mtumba sokoni Kongowea, la aina inayovaliwa na wapanda milima. Mwanzoni maji yaliteleza juu yake, lakini masika haya kitambaa cha nje kinalowa na mimi nahisi unyevu ndani. Fundi mmoja ameniambia nilitupe, mwingine amenishauri nilipake nta. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, usilitupe kabla hujalifua ipasavyo. Koti la aina hiyo kwa kawaida lina kinga mbili: utando mwembamba wa ndani, ambao ndio uzuiao maji kupenya, na dawa iliyopakwa kwenye nyuzi za nje ili maji yajikusanye matone na kuteleza. Dawa hiyo ikifunikwa na uchafu, kitambaa cha nje hutota, na mvuke wa jasho uliopaswa kutoka kupitia utando hukosa njia. Ndiyo maana wengi hudhani koti linavuja, ilhali unyevu wanaouhisi mara nyingi ni wa miili yao wenyewe.

Kwetu Mombasa uchafu huo ni mwingi: jasho, moshi wa magari, mafuta ya barabarani na chumvi ya bahari. Anayefulia maji ya kisima chenye chumvi, kwa sabuni ya unga isiyosuuzika vizuri, huongeza tatizo, na dawa ya kulainisha nguo ndiyo mbaya kuliko zote.

Soma kwanza lebo ya koti. Lifue kwa sabuni kidogo ya maji, ulisuuze mpaka povu liishe kabisa, na suuzo la mwisho liwe la maji matamu. Likikauka, na ikiwa lebo inaruhusu, lipige pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke, ukitanguliza kitambaa kikavu juu yake, kwa sababu joto huiamsha upya dawa iliyolala. Kisha linyunyizie maji: yakisimama matone, kazi imekwisha. Yakifyonzwa, nunua dawa ya kupulizia ya kuzuia maji kwenye nguo na uipake upande wa nje pekee, koti likiwa safi.

Nakuomba uchague dawa isiyo na kemikali za florini za jamii ya PFAS, ambazo hudumu mno katika maji na udongo. Mojawapo, PFOA, iliingizwa mwaka 2019 katika Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa unaodhibiti kemikali sumu zisizooza upesi, na Ufaransa imepiga marufuku nguo zenye kemikali za jamii hiyo tangu Januari 2026. Dawa mbadala hazizuii mafuta vizuri, hivyo utalazimika kufua mara nyingi zaidi, gharama ambayo naiona ndogo.

Nta iache, hiyo ni ya turubai na pamba nzito, na kwenye koti lako itaziba njia ya mvuke. Lakini ukiona bitana ya ndani inabambuka vipande vipande, basi utando wenyewe umekufa, na hakuna dawa ya kupaka itakayoufufua.