Muulize Shangazi: Farasi nimemtamani tangu utotoni, sasa naogopa kwenda bandani

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina farasi jike wa miaka 9, huu mwaka wa 3 niko naye. Nilivyomnunua nikajipangia kabisa, mwaka wa kwanza turuke vizuizi vya sentimita 80, wa pili mita moja, wa tatu tuingie mashindanoni. Sa hivi bado tuko kwenye 80 na siku nyingine hata hiyo anagoma, anafika mbele ya kizuizi anasimama tu. Wenzangu walioanza nyuma yangu washanipita. Juzi nimekaa kwenye gari dakika 20 nje ya banda sitaki kushuka. Nimuuze? – Mchovu wa Tandiko

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kumuuza, na kabla hatujaongelea mambo ya furaha, mwite daktari wa mifugo. Farasi aliyekuwa anaruka afu akaanza kugoma, mara nyingi kuna kitu kinamuuma, inaweza kuwa mgongo, kwato, meno, au tandiko (anabadilika umbo bwana, tandiko lililomkaa vizuri mwaka jana mwaka huu linaweza kumbana mabega). Au ni vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi linatengeneza asidi muda wote, ale asile, manake kaumbwa kutafuna majani hata saa 16 kwa siku, sasa sisi tunamfungia, tunamlisha mara mbili, tunamsafirisha, tunamkimbiza, afu tunashangaa analaza masikio kwa hasira ukimkaza mkanda wa tandiko.

Haya, tuseme daktari kasema mzima. Kuna kitu kimoja sijui kama umewahi kuambiwa. Macho ya farasi yako pembeni, anaona karibu pande zote ila si nyuma yake kabisa wala pale mbele ya paji la uso, kwa hiyo akishakaribia sana kizuizi kinampotea machoni. Anaruka kwa kukumbuka alichokiona na kwa kukuamini we uliye juu. Na we siku hizi unapanda umekaza mapaja, umeshika hatamu kama kamba ya ng'ombe mkorofi, unawaza waliokupita. Hayo yote anayasikia mgongoni. Ningekuwa yeye na mi ningesimama.

Mi mwenyewe nilikuwa na daftari. Kila siku naandika tumefanya nini, najipa na alama kama mwalimu, chini ya 7 silali vizuri. Siku moja farasi akanikanyaga nikavunjika kidole cha mguu (nilivaa ndala bandani, msiniige), wiki 6 sipandi. Nikawa naenda tu, nageuza ndoo nakaa. Ndo nikaanza kumjua. Kumbe mchana anasinzia amesimama, mdomo wa chini umelegea kama babu kwenye kiti. Kumbe ana rafiki yake mmoja, wanasimama ubavu kwa ubavu wanakunana kwa meno pale shingo inapokutana na mgongo. Nikajaribu na mi kumkuna palepale, mdomo wa juu ukarefuka ukaanza kutetemeka, macho nusu. Watu wamepima, farasi akikunwa hapo mapigo ya moyo yanashuka. Miaka 4 niko juu ya huyu mnyama sikujua anapenda kukunwa wapi! Niliona aibu kwa kweli. Daftari sikulichoma, naandikia tarehe za kukata kwato.

Kwa hiyo mwezi mmoja usiruke. Shusha nguzo zote, usipite hata karibu nazo. Siku nyingine usimtandike kabisa, mvalishe kamba mtembee kwa miguu, ale njiani, akisimama kuangalia kitu na we simama uangalie. Ukipanda toka nje ya uwanja, kwenda polepole tu, simu iwe mfukoni na usipime kilomita. Siku ukifika hujisikii, msugue kwa brashi urudi nyumbani. Hao wenzako waache waruke, farasi anaweza kuishi miaka 25 hadi 30, huyo wako wa 9 ndo kwanza.

Ukija kutaka kuruka tena utaruka, sikukatazi, mashindano nayo matamu. Ila kama miezi 2 imepita, hakuna anayekudai chochote, na bado unaganda kwenye gari, basi mtafutie mtu mwema umuuze, wala usijione mbaya.

SWALI: Shangazi, wangu ana miaka 24, miguu imechoka, hapandiki tena. Mume wangu anauliza namfuga wa nini. – Mama Farasi

JIBU: Mwambie hata yeye siku hizi hambebi mtu. Natania! Mzee kama huyo angaliwe meno, akishindwa nyasi kavu alowekewe chakula kilaini, kwato kila wiki 6 hadi 8 hata kama hapandwi. Afu mfundishe kitu kipya, farasi wa miaka hiyo anajifunza vizuri tu. Anza na koni la plastiki, kila akiligusa kwa pua mpe kipande cha karoti, na mume wako ndo ashike koni. Nitumie majibu, nataka kujua litadumu siku ngapi kabla halijatafunwa.