Umechuja, Jumla Imegoma: Maswali Yenu ya Excel

Wiki hii barua karibu zote ni za filta: namna ya kuhesabu na kujumlisha mistari inayobaki baada ya kuchuja. Nitajibu ninazoweza. Ila wewe unayeuliza "kwa nini Excel yangu inakosea" na fomula yenyewe hukuiandika, barua yako imekwenda kapuni. Simtibu mgonjwa aliyeachwa nyumbani.

Shikamoo. Mimi ni mhazini wa kamati ya harusi. Nimeorodhesha jina, upande, ahadi na alicholipa kila mtu. Nikichuja upande wa bwana harusi peke yake, jumla haibadiliki, inabaki 9,380,000 ya watu wote. Fomula ni =SUM(D6:D185). Je, kompyuta ina virusi? (Mhazini, Morogoro)

Marahaba. Haina virusi, inakutii kupita kiasi. Umeiambia ijumlishe kuanzia D6 mpaka D185, nayo imejumlisha. Mstari uliochujwa haujafutwa, umeondolewa machoni tu, na SUM haina habari na filta. Andika hivi:

=SUBTOTAL(109,D6:D185)

Ile 109 ndiyo amri ya kujumlisha kinachoonekana. Chuja upande wa bwana harusi, jumla itashuka. Ondoa filta, 9,380,000 yako itarudi. Ukitaka idadi ya watu badala ya fedha, weka 103 na uielekeze kwenye safu ya majina. Kuna na njia ya mkato: ukiwa umeshachuja, simama kwenye seli iliyo chini ya safu, bonyeza Alt pamoja na =, na Excel yenyewe itaandika SUBTOTAL badala ya SUM.

Fomula hiyo ihamishie juu, juu ya vichwa vya safu. Jumla inayokaa mwisho wa orodha ipo siku itapangwa upya pamoja na wachangiaji, uikute katikati ya shangazi na mjomba.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Najua unakoelekea: utachuja, utapiga picha ya skrini, utaitupa kwenye grupu la WhatsApp la kamati. Usithubutu. Picha ile inaonyesha namba, haionyeshi filta iliyoizaa namba hiyo. Kesho baba mkubwa atauliza mbona jana ilikuwa milioni tatu na leo ni mbili na nusu, na wewe hutakumbuka kama jana ulikuwa umewatoa waliolipa nusu au hukuwatoa. Filta ni ya kuangalia. Namba ya kutangaza iandikiwe sharti lake ndani ya fomula:

=SUMIFS(D6:D185,B6:B185,"Bwana harusi")

Hii, uchuje usichuje, jibu ni lilelile, na yeyote akibofya seli atasoma kilichohesabiwa. Nitalirudia hili mpaka mlichoke.

Kuna SUBTOTAL ya 9 na ya 109. Mbona kwangu zinatoa jibu moja? Tofauti ni nini? (Mhasibu mwanafunzi, Nakuru)

Swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko ninavyopenda, basi lichapishwe ukutani. Kwa mistari iliyoondolewa na filta, 9 na 109 ni mamoja: zote mbili haziihesabu. Zinaachana kwenye mistari uliyoificha kwa mkono, yaani umebofya kulia ukachagua Hide, au umeikunja kwa vile vialama vya jumlisha na kutoa vya pembeni. Hapo 9 huihesabu, 109 huiacha. Mambo ni hayohayo kwa 3 na 103, 2 na 102, 1 na 101.

Mimi natumia zile za mia na moja kwenda juu, kwa sababu msomaji anatarajia jumla iwe ya anachokiona. Lakini ukweli ni kwamba mistari isingefaa kufichwa kwa mkono hata siku moja. Filta huacha alama: namba za mistari pembeni zinageuka bluu, na kwenye kichwa cha safu unaona kialama cha faneli. Kuficha kwa mkono hakuachi kitu, isipokuwa namba za mistari zinazoruka kutoka 41 kwenda 44, na nani anazisoma? Mkaguzi anazisoma.

Na kabla hamjauliza: SUBTOTAL haijali safu zilizofichwa. Ukiwa na Januari mpaka Desemba kwa upana, ukaficha Machi, Machi bado inahesabiwa.

Nimetumia SUBTOTAL(102) kuhesabu wanafunzi waliobaki baada ya kuchuja wasichana. Inaleta 0. (Mwalimu wa taaluma, Tabora)

102 huhesabu namba tu, na majina si namba. Weka 103.

Nimechuja mauzo ya mwezi mmoja, namba naziona kabisa, lakini SUBTOTAL(109) inanipa 0. Mwezi mwingine inanipa jumla ndogo kuliko ile ya kikokotoo. (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mbeya)

Umenitumia picha, ahsante, na jibu liko palepale kwenye picha. Safu yako imeandikwa hivi: 25,000/= na chini yake Tsh 8,500 na chini yake tena 12000. Kwako zote ni fedha. Kwa Excel ni namba moja na maneno mawili. Ukiongeza ile /= kwa mkono, seli inakuwa maandishi, na maandishi hayajumlishwi, yawe yamechujwa au hayajachujwa. Tazama zilivyokaa: namba halisi hulalia kulia mwa seli, maandishi hulalia kushoto. Ndiyo maana sipendi watu wanaosogeza kila kitu katikati ili "kupendeza". Wanafuta dalili pekee waliyokuwa nayo.

Huo mwezi uliotoa 0 ni afadhali. Sifuri inapiga kelele. Wa kuogopa ni ule uliotoa jumla ndogo, kwa sababu unafanana na ukweli, na bila kikokotoo ungeupeleka benki ukaombee mkopo.

Pima hivi. Kwenye seli mbili za pembeni andika =COUNT(D6:D900) na =COUNTA(D6:D900). Ya kwanza inahesabu namba, ya pili inahesabu kila seli yenye kitu. Zikitofautiana, tofauti hiyo ndiyo idadi ya seli zinazojifanya fedha. Kisha ondoa filta kwanza, chagua safu hiyo peke yake, bonyeza Ctrl na H, tafuta /= na mahali pa kubadilishia usiandike kitu. Rudia kwa Tsh. Zikiondoka, nyingi zitageuka namba zenyewe. Zinazokaidi zina nafasi tupu isiyoonekana, aghalabu kwa sababu zimenakiliwa kutoka kwenye PDF au tovuti. Inakili nafasi hiyo kutoka ndani ya seli yenyewe, ibandike kwenye kisanduku cha kutafutia, uifute kwa njia ileile.

Na kama huwezi kuishi bila /= yako, basi iwe pambo, isiwe data. Nenda kwenye mpangilio wa namba, chagua Custom, andika #,##0"/=" halafu ndani ya seli andika 25000 tu. Utaona 25,000/= na Excel itaendelea kuona namba.

Bonjour na salamu kutoka Katanga. Nafuata majibu yako lakini kila nikiandika SUBTOTAL napata #NOM? (Msimamizi wa stoo, Lubumbashi)

Excel yako inaongea Kifaransa, na fomula nazo zimebadilishwa majina. Kwako ni =SOUS.TOTAL(109;D6:D185), na kitenganishi ni nuktamkato, si koma. SUM ni SOMME, COUNTA ni NBVAL, AGGREGATE (ndugu yake SUBTOTAL, mtaikuta chini) ni AGREGAT. Wasomaji wa Bujumbura wenye mpangilio wa Kifaransa, nanyi mmejibiwa. Faili ikitumwa Dar itafunguka huko na majina ya Kiingereza bila mtu kugusa kitu. Kinachosumbua ni kunakili namba kutoka kwenye barua pepe: mpangilio wenu unatumia koma kwa desimali, kwa hiyo 12.50 ya Dar ikibandikwa kwenu inaweza kubaki maandishi. Rudi kwenye jibu la mtu wa Mbeya.

Nimeongeza wachangiaji wapya kumi na wawili chini ya orodha, nikachuja, lakini hawaingii kwenye jumla. (Katibu wa kikoba, Mwanza)

Fomula yako inaishia mstari wa 60, wao wako kuanzia 61. Usione haya, wenye majina makubwa yamewakuta. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, pamoja na walimu wake wawili, walionyesha kwamba wastani kwenye lahajedwali lao uliishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zikaachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Hilo halikuwa kosa pekee waliloonyeshwa, lakini ndilo watu wanalolikumbuka.

Dawa: bofya ndani ya orodha, bonyeza Ctrl na T, iwe jedwali rasmi. Kuanzia hapo kila mstari mpya unaoandikwa chini yake unaingia wenyewe. Washa na mstari wa jumla kwa Ctrl, Shift na T; ukishauwasha, mstari mpya uongeze kwa kubonyeza Tab kwenye seli ya mwisho iliyo juu yake. Utakuta Excel imeandika SUBTOTAL ya 109, si SUM. Waliotengeneza programu wanajua mnachokisahau.

Na hakikisha hujaacha mstari mtupu katikati ya orodha eti ili ipumue. Filta ikitafuta yenyewe mwisho wa orodha, husimama palepale penye mstari mtupu, na walio chini yake hubaki bila kuchujwa.

Duka langu la dawa: nachuja msambazaji mmoja, halafu nataka kujua kati ya mistari inayoonekana ni mingapi imeandikwa "Imeisha muda". COUNTIF inahesabu yote, hata iliyochujwa. (Mfamasia, Mombasa)

Ndivyo ilivyo, COUNTIF haitazami filta. Lakini mbona unazunguka? Sharti la kwanza unalijua, la pili unalijua, yaandike yote mawili:

=COUNTIFS(C6:C800,"Jina la msambazaji",F6:F800,"Imeisha muda")

Filta huihitaji kabisa. Kama bado unataka ifuate filta, kwa sababu unabadilisha wasambazaji kila dakika, ongeza safu ya msaada. Kwenye G6 andika =AGGREGATE(3,5,A6) uishushe mpaka chini; inatoa 1 mstari ukionekana, 0 ukichujwa, mradi seli ya A si tupu. Kisha =COUNTIFS(F6:F800,"Imeisha muda",G6:G800,1). Ipo fomula nyingine ndefu ya SUMPRODUCT na OFFSET inayofanya yote kwa mkupuo. Siichapishi. Mtaibandika bila kuielewa, na siku ikiharibika mtaniandikia mimi.

Dawa zilizoisha muda ziondoe rafu kwanza, fomula baadaye.

Kuna seli mbili za #N/A, na SUBTOTAL nzima imegeuka #N/A. (Hakujitaja)

=AGGREGATE(9,7,D6:D185). Hiyo 7 inaacha mistari iliyofichwa pamoja na makosa. Inahitaji Excel ya 2010 au baada ya hapo. Google Sheets hawana. Lakini #N/A, yaani Excel imetafuta kitu haikukipata, ina sababu yake, itafute. Pengine ni mteja aliyekulipa na jina lake limekosewa herufi.

Jumla ya haraka bila fomula? (Kisumu)

Chuja, chagua safu, tazama ukanda wa chini kabisa wa dirisha. Umekuwapo miaka yote.

Nilichuja, nikanakili majibu kutoka faili nyingine nikayabandika kwenye mistari inayoonekana. Sasa data imevurugika. (Karani, Zanzibar)

Pole. Uliyoyabandika yaliingia pia kwenye mistari iliyojificha, yakafuta yaliyokuwamo. Ctrl na Z kama hujafunga faili. Kama umefunga, tafuta nakala ya jana. Usibandike kundi la seli juu ya orodha iliyochujwa. Ondoa filta, panga orodha ili mistari unayoitaka ifuatane, ndipo ubandike.

Tunatumia Google Sheets watu watano. Mmoja akichuja, wote tunachujiwa. (Chama cha akina mama, Thika)

Kila mama atumie filter view yake, iko kwenye menyu ya Data, naye ataona chujio lake bila kuwasumbua wengine. Jumla za chama ziwekeni kwenye shiti ya pekee kwa SUMIFS, ili isiwepo hoja ya nani alichuja nini siku ya mgao.

Mkuu wa idara anataka mishahara ya watu wake tu. Nichuje idara yake nimtumie faili? (Ofisa utumishi, Dodoma)

Hapana! Akibofya Clear, amri ya kuondoa filta, anasoma mshahara wa kila mtu, na wako ukiwemo. Chuja, nakili mistari inayoonekana, ibandike kwenye faili mpya kabisa, hakikisha idadi kwa COUNTA, hiyo ndiyo umtumie. Na kama umeshatuma, mpigie simu sasa hivi, usisubiri nijibu barua ya pili.