Nani bado anaikumbuka MV Bukoba?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nilizaliwa Mwanza mwaka 2001. Kila Mei 21 mama hufunga duka na kwenda makaburi ya Igoma, lakini wenzangu hawajui hata kwa nini. Mbona tumesahau mapema hivi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwaka 1996 nilikuwa kijana hapo hapo Mwanza. Mei 21 mwaka huo MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, ilipinduka asubuhi, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika bandarini. Mtaani kwetu watu waliizunguka redio moja, wala hakuna aliyethubutu kuizima. Baadaye tukasikia waliokwama ndani walikuwa wakigonga vyuma. Likatobolewa tundu ili waokolewe, hewa ikatoka, meli ikazama nao. Hilo linanichoma mpaka leo.

Abiria walizidi uwezo wa meli, na mamia walikufa. Idadi kamili haikujulikana kamwe. Wengi hawakupata hata mwili wa kuzika. Waliofiwa wanazeeka sasa, na wengine (nawaelewa kabisa) hawawezi kusimulia mbele ya watoto. Ndiyo maana wenzako hawajui.

Mwaka huu fuatana na mama. Muulize alimpoteza nani, uandike majina yote.