Jibu: Wahed ni kampuni ya kweli, ila pesa zako zitakuwa kwa jina la nani?

Ndugu yangu uliyeuliza jana kama hawa Wahed, wenye app ya kuwekeza pesa bila ya riba, ni kampuni kweli au ndio wale wa kula pesa za watu, na kaka yako wa Leicester anataka umpelekee milioni tano akuwekee kwenye akaunti yake. Mie ile app nimeitumia miaka niliyokuwa nakaa East London kabla sijarudi Unguja, kwa hiyo nakujibu kwa ninavyoijua, na samahani kwa urefu.

Kampuni ipo na ina leseni. Kaianzisha Junaid Wahedna, New York, mwaka 2015. Wakati huo Wamarekani washazizoea kampuni kama Betterment, iliyofungua milango 2010, na Wealthfront, yaani unajibu masuala kwenye simu, kompyuta inakugawia pesa zako kwenye hisa na hatifungani (yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba), inakata ada yake basi, huna haja ya kukaa na bwana wa tai anaekutaka uwe na mali nyingi ndio akusikilize. Sasa Muislamu akifungua kapu lile anakuta hatifungani, nayo ni riba, na kwenye hisa mna mabenki na viwanda vya pombe. Wahed wakachukua mtambo ule ule wakabadilisha vilivyomo: sukuk (hati za kisharia, unapata faida ya mali au mradi badala ya riba) pahala pa hatifungani, dhahabu, na hisa zilizochujwa, na Marekani ulikuwa unaanza na dola 100 tu. 2018 wakaingia Uingereza, 2019 wakapata leseni Malaysia, na Julai ya mwaka huo wakatoa mfuko wao wenyewe wa hisa zilizochujwa kwenye soko la hisa la Nasdaq, Marekani, unaitwa HLAL.

Ukijiunga unaulizwa umri, kipato, pesa unazitaka lini, halafu linakuja suala la uvumilivu wako, pesa zikishuka sana utafanya nini. Hapo kila mtu shujaa. Ikaja Machi 2020 ya korona, unafungua simu asubuhi nyekundu, jioni nyekundu, na jamaa zangu waliojibu kwamba wao hawana wasiwasi ndio wa mwanzo kutoa 😅 Walioweka sukuk nyingi waliumia kidogo, wa hisa tupu wakakoma, ingawa soko lilirudi mwaka ule ule kwa waliotulia.

Kuhusu uhalali. Watu wanadhani kuna sheikh anakaa anatazama kila kampuni, la, ni hesabu. HLAL inafuata orodha ya sharia ya FTSE, kampuni ya Uingereza inayotengeneza orodha za hisa: kwanza biashara yenyewe iwe safi, halafu madeni ya kampuni yasifike theluthi ya mali yake yote, fedha taslimu na vitu vyenye riba hali kadhalika, na kipato kisichofaa kisipite asilimia 5. Kile kidogo kinachoingia unakitoa sadaka, ndio wanaita kusafisha. Kwa hiyo ndio, riba kidogo mna, maana kampuni kubwa ya Marekani isiyokuwa na pesa benki utaitafuta mpaka uchoke. Waliokubali viwango hivi wanalijua hilo. Kama moyo wako haukubali, usilazimishwe na kaka wala na app.

Na doa wanalo, usiambiwe hawana. Februari 2022 wasimamizi wa masoko Marekani, SEC, waliwapiga faini ya dola 300,000. Waliikuta kampuni ilitangaza mifuko yake wakati mifuko haipo, iliahidi kuzipanga upya akaunti za wateja kila baada ya muda na haikufanya, na ulipoanza ule mfuko wa 2019 ikautilia pesa za wateja bila ya kuwaeleza kwanza kwamba na yenyewe ina maslahi humo. Lililoniudhi mie khasa ni jengine, kwamba walikuwa wanajinadi kwa sharia lakini hawakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuhakikisha sharia inafuatwa siku zote. Kampuni haikukiri wala kukanusha, ikalipa, ikakubali kuweka mkaguzi wa nje. Halafu kuna yale mabango ya London yenye Mufti Menk na noti za dola na euro zinaungua moto, mamlaka ya matangazo ya Uingereza ikayapiga marufuku mwanzoni mwa 2025. Picha ile ilizunguka kwenye magrupu mpaka huku na wengi wakaona ndio ushahidi kwamba ni halali, wakati ni tangazo tu, kama la Khabib mpiganaji na la Pogba wa mpira.

Sasa lako. Kwangu mie tatizo si Wahed, ni jina. Akaunti ni ya kaka yako, kwa paspoti yake na anuani yake. Kampuni ikifa, Uingereza kuna mfuko wa fidia, mpaka pauni 85,000, lakini analipwa mwenye akaunti. Akiweka kwenye ISA, ile akaunti ya Uingereza isiyokatwa kodi, ile nafasi yake ya pauni 20,000 kwa mwaka unamlia wewe. Na Mungu ampe umri, akiondoka, warithi ni mke na watoto wake, na wewe Mwanakwerekwe umeshika meseji za WhatsApp, kadhi wa hapa hana mkono Leicester. Akishikilia, mwambie akuandikie deni kwa karatasi na mashahidi na kwenye wasia wake wa huko litajwe, ukiona anakereka kwa hilo tu basi ushajua.

Kama shida yako ni pahala pa kuweka pasipo riba, sukuk ya serikali ya Zanzibar ilitoka 2025, ikiuzwa kwa shilingi na kwa jina la mnunuzi mwenyewe, ulizia kama bado inauzwa. Mie ya kwangu ya Wahed nimeiacha ilipo, siongezi tangu nirudi, maana kipato changu sasa cha shilingi, na ukipeleka unakatwa kwenye kubadilisha na ukirudisha unakatwa tena.