Video ya saa tatu kwenye DVD moja: piga hesabu kabla ya kubana

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji ambaye ana faili la video la saa tatu, lenye uzito wa GB 32, la sherehe ya familia yao. Anataka kulichoma kwenye DVD moja ili wazee wake walitazame kwenye deki sebuleni. Amejaribu kulibana kwa zip, halikupungua chochote cha maana. Fundi aliyemuuliza amemwambia haiwezekani, agawanye kwenye diski nane.

Ndugu yangu, inawezekana. Jibu la namna hiyo nalifahamu vizuri, kwa sababu mimi pia nilishapewa, na mpaka leo nikilikumbuka linanichoma.

Mama yangu alipostaafu, wenzake walimwandalia hafla ya kumuaga. Rekodi ilikuwa ya saa tatu, kama hiyo yako. Nikaipeleka kwa fundi mwenye vifaa vya kutosha na sifa nzuri, akanirudishia diski moja yenye jalada la kuvutia. Tulipoiweka kwenye deki, hotuba zilionekana kwa tabu. Watu walipoanza kucheza, ikawa balaa: nyuso zikageuka vijiboksi, na mkono ukiinuliwa uliacha ukungu nyuma yake. Mama akavaa miwani, akasogeza kiti karibu na runinga, akaniuliza, "Huyu aliyenikumbatia ni nani?" Alikuwa rafiki yake waliyeketi naye ofisi moja miaka yote. Nilimrudia fundi. Akanijibu kwamba DVD ni teknolojia ya kizamani, nisitegemee zaidi ya hapo.

Basi nikaamua kujifunza mwenyewe. Sitawachosha na habari za kupakua programu na kusoma maelekezo. Nilichokigundua ndicho muhimu, nacho ni hiki: uzito wa video hautokani na ukubwa wa picha peke yake. Unatokana na bitireti, yaani kiasi cha data kinachotumika kila sekunde, ukizidisha kwa urefu wa video. Ukishakijua hicho, kazi yote iliyobaki ni hesabu ya kugawanya.

Diski ya tabaka moja ina baiti bilioni 4.7. Kompyuta nyingi zitakuonyesha GB 4.37 kwa sababu zinahesabu kwa 1024, kwa hiyo usidhani umeibiwa. Mimi huacha nafasi kidogo kwa ajili ya menyu na mafaili madogo ya diski, natumia bilioni 4.4. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hizo ni megabiti 35,200. Gawanya kwa sekunde za video yako. Saa mbili ni sekunde 7,200, unapata megabiti 4.9 kwa sekunde. Saa tatu ni sekunde 10,800, unapata 3.26. Hiyo ndiyo bajeti yako, picha na sauti kwa pamoja.

Sasa rudi kwenye diski ya mama. Niliifungua kwenye kompyuta nikaangalia mafaili yake. Sauti ilikuwa imeachwa bila kubanwa hata kidogo, ikila megabiti 1.536 kila sekunde. Kwa saa tatu hiyo ni zaidi ya GB 2, karibu nusu ya diski, kwa ajili ya maikrofoni ya ukumbini! Picha ikabakiziwa megabiti 1.7 tu. Sauti hiyohiyo ukiibana kwa AC-3, mtindo wa kubana sauti unaotumika kwenye DVD, ya kilobiti 192 kwa sekunde, inachukua kama MB 260, na kwa hotuba na muziki wa hafla hakuna sikio litakalolalamika. DVD haikuwa na kosa lolote. Hesabu haikupigwa.

Nikaona na jambo la pili. Ndani ya saa tatu zile kulikuwa na viti vitupu kabla ya wageni kufika, kamera ikitazama sakafu wakati mpiga picha anahama, na watu wakisubiri umeme wa spika urudi. Nilipokata hayo yote zikabaki dakika 140. Piga hesabu upya: megabiti 35,200 kwa sekunde 8,400 ni 4.19. Toa sauti, picha inapata 4.0. Kutoka 1.7 hadi 4.0, diski ni ileile! Nilipomwekea mama toleo langu, aliwataja wenzake mmoja mmoja kwa majina, na aliyemkumbatia akawa wa kwanza. Najivunia kazi ile kuliko nyingi nilizofanya kwenye kompyuta.

Kwa hiyo, kata kwanza, bana baadaye. Watu wanaona uchungu kufuta hata sekunde moja, halafu wanakubali nyuso za wazazi wao zichakae. Heshimu waliomo kwenye video yako: dakika za viti vitupu zinawanyima wao data.

Ukishakata, weka picha kwenye kipimo cha DVD. Ni pikseli 720 kwa 576 kwa mfumo wa runinga wa PAL, au 720 kwa 480 kwa ule wa NTSC, na deki inataka video iliyobanwa kwa mtindo wa MPEG-2. Hapa ndipo wengi wanapopotea: HandBrake ni programu nzuri sana, lakini inatoa mafaili ya aina ya MP4 na MKV, haitengenezi DVD ya deki. DVD Shrink nayo inapunguza video ambayo tayari ni DVD, yenye folda la VIDEO_TS, haitalipokea faili la kamera yako. Kwa kazi hii tumia DVDStyler, ambayo ni ya bure na inakupa menyu, au, kama huogopi kuandika amri, bana kwa FFmpeg kisha upange diski kwa DVDStyler, maana FFmpeg inakupa video ya MPEG-2 tu, si DVD kamili.

Programu yako ikikupa nafasi, chagua kubana kwa kupita mara mbili (two-pass). Mara ya kwanza programu inaichunguza video nzima, mara ya pili inagawa data kulingana na mahitaji. Mtu aliyesimama anahutubia anahitaji kidogo, watu wanaocheza chini ya taa zinazomulika wanahitaji nyingi. Inachukua muda mrefu, iache usiku kucha. Asiye na subira asubuhi atakutana na vijiboksi.

Na usibane nakala ambayo imeshapunguzwa na mtu mwingine. Anza kila mara na faili la kamera lenyewe, si nakala iliyopita kwenye simu za watu. Na zip haikukusaidia kwa sababu video ilishabanwa ndani ya kamera, haikukuta cha kupunguza bila kutupa data.

Kama huwezi kukata na saa tatu zako lazima zikae zote, unabana sauti na kuipa picha megabiti 3. Itatazamika, ingawa kwenye matukio yenye mwendo mwingi utaona upungufu. Diski ya tabaka mbili ina GB 8.5, lakini deki nyingine za zamani zinaigomea, kwa hiyo ijaribu kwenye deki ya wazee kabla ya kununua nyingi. Mimi ningekata.

Ukimaliza, choma kwa mwendo wa taratibu, ruhusu programu ihakiki diski, kisha ipeleke mbele kwa rimoti hadi dakika za mwisho, maana diski mbaya mara nyingi huganda kuelekea ukingoni. Hizo GB 32 usizifute. Zihifadhi kwenye diski ya nje, kwa sababu ulichokitupa wakati wa kubana hakirudi.