Nimchagulie kaka yangu swichi gani za kibodi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Kaka yangu ni mfasiri, anaandika kuanzia asubuhi hadi usiku, na kazi yake kubwa ni kuingiza maandishi katika Kiswahili. Ana kibodi ya kimakanika yenye vitufe 87, ile ya hoti-swapu, ambayo swichi zake hung'olewa na kubadilishwa bila kuchomea risasi. Swichi alizonazo zina shina la kahawia. Siku hizi ikifika jioni analalamika vidole vimechoka, hasa mkono wa kushoto. Wifi yangu naye analalamikia kelele, kwa sababu mtoto analala chumba hichohicho. Nataka nimnunulie swichi mpya ziwe zawadi, bila yeye kujua. Nimesoma habari za nyekundu, za bluu, za 45, za 60, na kila moja inasifiwa. Mimi mwenyewe situmii kibodi za aina hiyo. Nichukue zipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umenirahisishia kazi kwa kunieleza kaka analalamikia nini. Wengi huniuliza swichi gani ni nzuri, na swali hilo silijibu, kwa kuwa swichi inayokipendeza kidole changu inaweza kuwa adha kwenye kidole cha mwingine. Lalamiko ndilo linalonipa pa kuanzia, na kwenu yako mawili: uchovu wa mkono wa kushoto na kelele za usiku. Tutafute swichi inayojibu hayo mawili, sifa za kwenye tangazo tuziache huko huko.

Kwanza lakini tujue kama zitaingia. Siku kaka akitoka, ichomoe kibodi kwenye kompyuta, kisha ng'oa kikofia cha kitufe asichokigusa, kwa mfano Pause kule juu kulia. Chini ya kikofia utaona swichi yenyewe na shina lake lenye umbo la msalaba. Ibane kwa kibano cha kung'olea swichi upande wa juu na wa chini, penye vishikizo viwili vidogo, uivute wima. Ikikataa, usilazimishe. Ikitoka, igeuze. Unatafuta pini mbili nyembamba za shaba, na katikati mguu mmoja mnene wa plastiki. Ukiziona hizo, uko kwenye ukoo wa MX, umbo la swichi lililoanzishwa na kampuni ya Cherry, ambao ndio wenye swichi nyingi kuliko wote. Usipoona pini kabisa, basi kibodi inasoma kwa mwanga au kwa sumaku, na itapokea swichi za aina yake tu. Na kama swichi ni fupi sana, zile za kibodi nyembamba, hizo nazo zina maumbo yao na haziingiliani na hizi ninazozieleza.

Angalia pia kama pembeni ya mguu mnene kuna vijiti viwili vidogo vya plastiki. Vikiwepo, hiyo ni swichi ya miguu mitano. Visipokuwepo, ni ya mitatu. Chungulia na shimo ulikoitoa: bodi, yaani ubao wa saketi ulio chini ya swichi, ikiwa na matundu mawili ya ziada hupokea aina zote mbili, isiyokuwa nayo hupokea ya miguu mitatu peke yake. Hata ukikosea hapa si msiba, vile vijiti hukatwa kwa kikata kucha na swichi ikafanya kazi vilevile. La kuogopa zaidi ni upana wa soketi, yaani vishimo vinavyoshika pini. Ukikuta jina la kampuni ya Outemu juu ya swichi ya kaka, nunua kwanza swichi moja ya kampuni unayoitaka uijaribu, maana baadhi ya kibodi zinazokuja na swichi hizo zina soketi finyu, na pini nene hazipiti.

Sasa tuje kwenye rangi, zinazokuchanganya. Cherry ya Ujerumani ilianza kutoa swichi za MX miaka ya 1980, na rangi ya shina ndiyo inayokuonyesha ndani kuna nini. Baadaye kampuni nyingine, zikiwemo Gateron na Kailh za China, zilitengeneza umbo hilohilo na kuazima baadhi ya rangi. Ndiyo maana nyekundu ya hapa na nyekundu ya pale hufanana tabia, ila si lazima zifanane uzito. Ziko pia rangi ambazo kila kampuni imejibunia, na hizo hazikuambii kitu mpaka usome maelezo yake. Rangi ichukue kama fununu, halafu uende kwenye aina na namba.

Aina ziko tatu. Ya linia huteremka moja kwa moja bila kikwazo. Ya kinundu, ambayo ndiyo ya kahawia aliyonayo kaka, ina mahali kidole hujikwaa kidogo kabla ya herufi kutoka. Ya mlio ina kinundu na juu yake kelele ya makusudi: katika Cherry ya bluu kuna kipande cha plastiki kilichovaa shina kama koti, kidole kikipita pale katikati kinafyatuka na kugonga chini. Mlio huo hata uandike taratibu vipi utatoka. Kwa nyumba yenye mtoto aliyelala chumba kimoja na kibodi, bluu tuiondoe kabisa, hata isifiwe namna gani.

Namba husomwa hivi. Cherry nyekundu huhitaji nguvu ya sentinyutoni 45, na sentinyutoni moja ni karibu sawa na uzito wa gramu moja. Herufi hutoka kidole kikishuka milimita 2, na safari yote hadi chini ni milimita 4. Nyeusi nayo ni linia, ila ni 60. Ya kahawia hufika 55 pale kwenye kinundu. Kumi ya tofauti inaonekana ndogo, lakini ukurasa wa maneno 300 hauishi bila mibofyo karibu 2,000, na mfasiri haandiki ukurasa mmoja kwa siku.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu umetaja mkono wa kushoto. Chukua sentensi fupi: "Watoto wanacheza barabarani." Ina herufi 25, na katika hizo A ziko 8. Kwenye kibodi ya kawaida ya QWERTY, herufi A iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Anayeandika Kiingereza hukutana zaidi na E, ambayo hubofywa na kidole cha kati, chenye nguvu. Sisi lugha yetu imekitwisha kidole kidogo mzigo mkubwa, wala maelezo ya kwenye maboksi hayajui jambo hilo. Kama kaka anaandika kwa vidole vyote kumi, ningeweka dau langu hapo kabla ya kulaumu kitu kingine. Hakikisha: ng'oa vikofia vya A na Q, vishike kwenye mwanga. Plastiki ya kikofia kilichotumika sana hulainika na kung'aa, A ya kaka itakuwa imeng'aa kama kioo na Q bado ina chengachenga zake.

Ndiyo maana nakushauri jambo ambalo wauzaji hawalitaji: si lazima kibodi nzima iwe na swichi ya namna moja. Kila kitufe ni soketi yake. Unaweza kuweka swichi za 45 kila mahali, na chini ya A ukaweka nyepesi zaidi, ya gramu 35 au 40. Kuna sharti moja. Mtafute wifi, awe mshirika wako, maana yeye ndiye anayemwona kaka akifanya kazi. Amtazame anapofikiria sentensi: vidole vinaelea juu ya vitufe au vinajilaza? Wa kujilaza akipewa swichi ya 35 atakuta "aaaa" katikati ya kazi yake, na atazichukia siku ya kwanza. Vikijilaza, weka 45 hata kwenye A.

Wifi akusikilizie na jambo la pili. Kila mbofyo una sauti mbili, moja shina likitua chini na nyingine likirudi juu. Swichi ya kahawia haina mlio wa kutengenezwa, kwa hiyo kelele wanayoilalamikia ni ya kutua na kurudi. Ile ya kutua ikiwa kubwa kuliko ya kurudi, kaka anapiga hadi sakafuni kwa nguvu, na pengine uchovu wake unatokana na kule kugonga kuliko na uzito wa springi. Vidole vinasimamishwa ghafla na plastiki ngumu, mara maelfu kwa siku.

Kwa hayo yote, mimi ningenunua swichi za linia za kimya zenye uzito wa 45. Hizi zina vipande vya mpira laini kwenye shina, mahali linapotua na linaporudi, na mpira huo hukata sauti zote mbili huku ukikipokea kidole kwa upole. Cherry wanayo yao, wameiita nyekundu ya kimya. Herufi hutoka kwenye milimita 1.9 na safari yote ni 3.7. Gateron na Kailh nao wanazo. Dawa ni moja, na inagusa malalamiko yote mawili. Kasoro yake ni kwamba kidole hutua kama kwenye godoro, na wako watu wasioupenda ulaini huo hata kidogo. Tena kaka amezoea kinundu. Ziko swichi za kinundu za kimya pia, na huenda ndizo angezichagua mwenyewe.

Nasema huenda kwa sababu kosa hili nimeshalifanya. Rafiki yangu alikuwa mhasibu, na mimi nilikuwa nimezipenda sana swichi fulani nzito za mlio. Nikambadilishia kibodi nzima siku ya kuzaliwa kwake, nikiamini atafurahi nilivyofurahi mimi. Alinishukuru kwa moyo. Baada ya wiki tatu nikapita ofisini kwao nikakuta amerudisha zile za zamani, zangu amezifunga vizuri kwenye mfuko ndani ya droo, hajataka kuniumiza. Nilijisikia vibaya, kwa sababu katika miaka yote ya urafiki wetu sikuwa nimewahi kumtazama anavyoandika.

Kwa hiyo usinunue zote mara moja. Nunua kwanza sita: mbili za linia za kimya, mbili za kinundu za kimya, na mbili za linia ya kimya nyepesi, ya 35 au 40. Hizo sita ndizo umpe, na ahadi kwamba atakazozipenda utamletea seti nzima. Najua ulitaka asijue, na siri unaweza kuitunza hadi siku ya kumkabidhi. Ila aziweke kwa zamu kwenye A, I, U na N, aandikie kazi halisi siku tatu au nne. Kuzibofya mkononi hakutoshi, kwa kuwa swichi iliyo nje ya kibodi haina kikofia, haina bamba chini yake, na kidole hakina haraka.

Wakati wa kununua seti, kibodi ya 87 usiinunulie 87. Mara nyingi huuzwa kwa makumi au kwa pakiti za 35, wewe hakikisha una angalau 92, kwani pini mbili tatu zitapinda tu. Chagua zilizopakwa grisi kiwandani. Kuzipaka mwenyewe ni kazi ya kufungua swichi moja moja kwa saa nyingi, na grisi ikizidi kidogo swichi inakuwa nzito kama imezama kwenye asali. Mwambie pia wifi mapema kwamba kitufe kirefu cha nafasi, Enter na Backspace vitabaki na sauti. Chini yake kuna waya wa kusawazisha, huo ndio unaocheza, na swichi ya kimya haiugusi. Tone la grisi ya silikoni kwenye ncha za waya hutuliza sehemu kubwa ya kelele hiyo.

Katika kuweka, kila swichi aitazame pini zake kwanza, zinyooke kama miguu ya askari. Aishushe wima, mkono mwingine ukiegemeza bodi kwa chini kama kibodi imefunguliwa, asikie imekaa. Pini iliyokunjika chini ya swichi huwezi kuiona kutoka juu: kitufe kinaonekana kimekaa vizuri, kinabofyeka, na herufi haitoki. Hapo wengi hudhani bodi imekufa. Aing'oe, ainyooshe pini kwa kibano cha nyusi, airudishe. Amalizapo safu moja, ajaribu vitufe vyake vyote kabla ya kuanza nyingine. Zile za kahawia asizitupe, azitie kwenye mfuko unaofungika na kuuandika.

Wewe anza na kitufe cha Pause, halafu niandikie ulichokikuta: pini ziko ngapi, kwenye bodi kuna matundu ya ziada au hakuna, na juu ya swichi kumeandikwa jina gani. Kabla ya hapo usilipie chochote.