Kabla hamjalipia saa za studio

Wadogo zangu mnaotaka kurekodi albamu ya kwanza ya roki nzito, ile ya gitaa la kunguruma na nyimbo ndefu za kupotelea angani, mkija kwangu nitawauliza swali moja: hizi nyimbo mmezipiga mara ngapi mbele ya watu?

Nauliza kwa sababu nimeshaumia. Bendi ya kwanza niliyoirekodi ilikuja na vipande vitamu vya gitaa, lakini hakuna wimbo uliokuwa na mwisho. Siku nzima tulibishana ubeti wa pili uingie wapi, na mimi kwa ujinga wangu nikasema tutarekebisha kwenye kompyuta. Dramu tukarekodi peke yake, besi wiki iliyofuata, gitaa mwezi mwingine. Kila chombo kilisikika safi. Vikiwa pamoja, vilikuwa kama abiria wasiojuana.

Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya vijana wanne wa Birmingham, Uingereza, waliingia studio London Oktoba 1969 na kuirekodi karibu albamu yote ya kwanza kwa siku moja. Walipiga pamoja, Ozzy Osbourne akiimba wakati huohuo ndani ya kibanda chake. Msidhani ni miujiza. Kabla ya hapo walikuwa wamepiga muziki kwenye klabu ya Star-Club, Hamburg, Ujerumani, wakirudi jukwaani mara kadhaa kwa siku. Nyimbo zilishakomaa, studio ilikuja kuvuna tu.

Ile mvua na kengele mnazozisikia mwanzoni mwa albamu hiyo ziliongezwa baadaye. Hapo ndipo wengi wenu mnapokosea: mnaanza na mwangwi, wimbo mtautafuta baadaye. Nipigieni kwanza bila pedali hata moja, vile visanduku vya kubadilisha sauti ya gitaa. Wimbo ukisimama hivyo, hiyo mvua tutaitafuta.

Halafu vifaa. Siku ile gitaa la Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, aina ya Stratocaster, liliharibika, akamalizia na Gibson SG aliyokuwa nayo ya akiba. (Huyo ni mtu aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akaendelea kupiga. Kwa hiyo wewe uliyeahirisha mazoezi kwa sababu ya malengelenge, nakusikia.) Albamu ilitoka Februari 1970, ikafika nafasi ya 8 Uingereza.

Kama hamna gitaa la pili, azimeni. Nyuzi mpya fungeni jana yake, zisije zikalegea katikati ya wimbo. Na betri za pedali mje nazo. Duka la hapa jirani linafungwa saa kumi na mbili.